Haki ya Kuhama: Haipavaiza Huria Zikitazamwa Kutoka Garissa

Mwaka 2011 Kenya ilianza kukusanya takwimu zake za afya kwa programu moja ya mtandaoni, DHIS2, inayotunzwa na watu wa Chuo Kikuu cha Oslo. Mpango wa awali ulikuwa kuweka kompyuta yenye programu hiyo katika kila wilaya, kila moja na data yake. Majaribio ya mkoa wa Pwani yakaonyesha kwamba modemu ya kuchomeka, ile inayotumia laini ya simu, inatosha kumfikisha karani kwenye seva moja ya kati. Basi karani wa rekodi wa Garissa naye akafungua kivinjari, akaandika idadi ya watoto waliochanjwa surua mwezi ule, akahifadhi.

Tarakimu ile haikwenda Afya House, makao ya wizara ya afya. Mtandao wa wizara ulikuwa dhaifu mno kubeba nchi nzima, kwa hiyo seva ilikodiwa ng'ambo, kwa kampuni ya Linode. Hata kusema seva ilikodiwa ni kutia chumvi, maana kilichokodiwa ni kipande cha seva. Miaka hiyo Linode ilikuwa ikizigawa mashine zake kwa Xen, programu huria ambayo kazi yake ni kuifanya kompyuta moja ijione kuwa kompyuta nyingi. Watoto wa Garissa wakalala katika kumbukumbu ya mashine moja na duka la mtu wasiyemjua, pengine na tovuti ya bendi ya muziki, na kilichomzuia jirani asichungulie ni Xen tu. Programu ya aina hiyo huitwa haipavaiza.

Miaka sita baadaye neno seva likaingia mitaani. Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, na "fungua seva", yaani za matokeo ya kura, ikawa kauli ya mikutano ya siasa, hata kwa watu ambao hawajawahi kuiona seva kwa macho. Kilichoko chini ya seva hakuna aliyekiulizia. Nami nasema swali la chini lina uzito kuliko la juu: anayeitawala haipavaiza anaitawala kila seva iliyokaa juu yake, na kama programu hiyo ni ya watu wote, lazima iwepo namna ya watu wote kuelewana kuihusu.

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi. Mfumo endeshi wowote, uwe Linux au Windows, huamka ukiamini kwamba mashine yote ni yake. Haipavaiza hukaa chini yake na kuuacha uamini hivyo. Mgeni, yaani mfumo endeshi huo, akitaka kugusa kitu halisi, tuseme diski, kadi ya mtandao au ukurasa wa kumbukumbu, husimamishwa kidogo, haipavaiza ikakifanya kitendo hicho kwa niaba yake, kisha akaendelea bila kujua kwamba alisimama. Mwaka 1974 Gerald Popek na Robert Goldberg waliandika sharti la msingi: kila agizo linalogusa mali ya pamoja lazima lipite kwa msimamizi. Prosesa za kompyuta zetu za kawaida hazikulitimiza. Uchunguzi wa mwaka 2000 ulihesabu kwenye prosesa ya Pentium maagizo 17 yanayopita bila kupiga hodi.

VMware, iliyoanzishwa 1998, ililizunguka tatizo kwa kuyaandika upya maagizo ya mgeni yakiwa yanakimbia. Xen, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge chini ya Ian Pratt na kutangazwa 2003, ilimwomba mgeni mwenyewe abadilishwe kidogo ili ashirikiane. Kisha Intel mwaka 2005 na AMD mwaka 2006 wakaliweka sharti lile ndani ya prosesa, na mlango ukafunguka kwa njia ya tatu. Avi Kivity wa kampuni ya Qumranet aliandika KVM, kipande kidogo kinachoifanya keneli ya Linux yenyewe kuwa haipavaiza. Kiliingizwa kwenye Linux 2.6.20, Februari 2007. Vifaa vya kuigiza, yaani diski bandia na kadi bandia, hutolewa na QEMU, kazi aliyoianza Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003.

Nimewahi kukaa nusu siku katika chumba cha seva mjini Garissa, ofisi ambayo sitaitaja. Kiyoyozi kilikuwa kimekufa. Mlango ulishikiliwa wazi kwa kiti cha plastiki, na feni ya kusimama ilielekezwa kwenye uso wa seva, si kwetu. Nje joto lilikuwa limepita nyuzi 36. Betri ya akiba ilipiga mlio kila dakika chache, na hakuna aliyeinua kichwa. Seva ilikuwa moja, imebeba mashine pepe tano, au viemu kama mafundi wanavyoziita: barua pepe, mafaili ya ofisi, mfumo wa wafanyakazi, nakala rudufu na moja ya majaribio. Fundi alipoingia kwenye Proxmox, programu inayoziunganisha KVM na wenzake katika ukurasa mmoja wa kubofya, kidirisha kikatokea kumwambia kwamba seva hii haina usajili halali.

"Hiyo ni ya kila siku, walaal," akaniambia. "Bonyeza OK tu."

Kwa nini viemu vitano juu ya chuma kimoja? Kwa sababu seva ya pili ingetaka betri ya pili, kiyoyozi cha pili na bili ya pili ya stima. Nairobi wanakigawa chuma ili wasiache uwezo ukae bure. Hapa wanakigawa kwa kuwa chuma chenyewe ni kimoja. Garissa ina nafuu ya gridi ya taifa, na tangu Desemba 2019 ina mtambo wa sola wa megawati 50 pale nje ya mji. Wajir na Mandera bado hutegemea mitambo yao wenyewe iliyo nje ya gridi. Nao mtandao una adui wa pekee: minara ya simu ya kaunti hizi tatu imelipuliwa na al-Shabaab mara nyingi, na mnara ukianguka mji mzima huzimika, malipo ya simu pamoja na yote. Anayeishauri ofisi ya Mandera kupeleka kila kitu kwenye wingu la Nairobi au Ireland hajawahi kukaa Mandera siku ya namna hiyo. Data inayohitajika leo lazima iwe karibu. Kwa hiyo haipavaiza ya humo chumbani si anasa, nayo kwa bajeti hizi haiwezi kuwa ya kununuliwa.

Lakini bei nisiitie chumvi. Watu wengi huanza na programu huria kwa sababu ni bure na huishia hapo, na hilo ndilo kosa ninalotaka kulisema. La maana zaidi lilionekana Novemba 2023, Broadcom ilipokamilisha ununuzi wa VMware kwa takriban dola bilioni 69. Mwezi uliofuata leseni za kudumu ziliacha kuuzwa, zikabaki za kulipia kwa mwaka, tena kwa vifurushi. Februari 2024 toleo la bure la ESXi, ambalo ofisi ndogo ndogo duniani zilikuwa zimelitegemea, likaondolewa. Lilirudishwa mwaka uliofuata bila maelezo ya maana. AT&T, kampuni yenye mawakili kuliko Garissa ilivyo na wahandisi, ilikwenda mahakamani Agosti 2024, na katika shauri hilo ikalalamika kwamba imetakiwa kukubali ongezeko la asilimia 1,050. Mkubwa kama huyo alipata walau wa kumsikiliza. Kaunti ingemlalamikia nani?

Hapa ndipo mtu wa Kaskazini Mashariki ana elimu ambayo muuza programu hana. Mfugaji wa ngamia halindwi na ahadi ya mwenye malisho, analindwa na miguu yake. Akionewa kwenye silanga moja, yaani bwawa la kunyweshea mifugo, anavunja aqal, nyumba yake ya kuhama nayo, anazipakia fito na mikeka juu ya ngamia, anaondoka. Mwenye silanga anajua hilo, na kujua huko ndiko kunakompa adabu. Leseni huria ni haki hiyohiyo iliyoandikwa kwa lugha ya mawakili: msimbo ni wako kuutumia, kuubadilisha na kuondoka nao.

Haki hiyo imejaribiwa. Citrix ilinunua XenSource, kampuni ya waanzilishi wa Xen, mwaka 2007 kwa dola milioni 500. Utashangaa mtu analipaje milioni 500 kwa kitu cha bure. Alinunua watu, jina na wateja. Bidhaa yake, XenServer, ilifanywa huria mwaka 2013. Desemba 2017 toleo la 7.3 likawanyang'anya watumiaji wa bure uwezo ambao walikuwa wameuzoea, likaweka kikomo cha seva tatu kwa kila kundi. Olivier Lambert na kampuni ndogo ya Vates ya Grenoble, Ufaransa, wakauchukua msimbo uleule, wakachangisha fedha kwa umma, na mwaka 2018 wakatoa XCP-ng, yenye kila kilichokuwa kimeondolewa. Aliyetaka kuhama alihama na mifugo yake yote. Mwaka huo hakuna aliyeweza kuihama VMware kwa namna hiyo, kwa sababu hakuna anayeruhusiwa kuondoka na msimbo wa VMware.

Linganisha na la nyumbani. Machi 2025 taarifa ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, iligusa mfumo wa kompyuta wa bima mpya ya afya, wa shilingi bilioni 104.8, ikasema serikali haimiliki mfumo huo wala hakimiliki zake. Kituo cha tiba cha Hulugho kinaingia humo, cha Balambala kinaingia humo, na siku tukitaka kutoka hatujui tutatoka na nini. DHIS2 ya mwaka 2011, pamoja na udhaifu wa kuwekwa ng'ambo, ilikuwa na msimbo ambao Kenya ingeweza kuubeba na kuuweka popote. Miaka 14 baadaye tumerudi nyuma kwa hilo, na tumelipia kurudi nyuma.

Kuhama peke yake si utawala, hata hivyo. Ni kitisho kinachofanya utawala uwezekane. Utawala wenyewe huanzia kisimani.

Wasomali huziita kanuni zao zisizoandikwa xeer, na baraza la kuzitolea uamuzi huliita shir. Kisima kirefu kilichochimbwa kwa mikono ni cha ukoo uliokichimba. Mgeni hanyimwi maji ya kunywa, lakini mifugo yake hungoja zamu, na zamu huombwa. Kando ya Mto Tana kuna malka, njia zilizoachwa kati ya mashamba ili mifugo ifike majini, na ukitaka kujua ugomvi wa mwaka fulani ulianzaje, uliza ni malka gani ililimwa. Mwaka 2001 wazee na viongozi walikutana Modogashe wakaandika sehemu ya mambo hayo kwenye karatasi: anayetafuta malisho kwa jirani aombe kwanza, asije na silaha. Azimio hilo la Modogashe lilirekebishwa mjini Garissa mwaka 2005. Wanasheria walilipinga kwa kuwa halina nguvu ya sheria na mahali pengine lina mvutano na sheria ya nchi. Lilitumika hata hivyo, kwa kuwa waliotakiwa kulitii ndio walioliandika.

Mradi wa Xen una xeer yake, nayo imeandikwa. Tangu Aprili 2013 uko chini ya Linux Foundation. Makampuni yanayochangia fedha yana bodi yao, inayoshughulikia bajeti, matangazo na mitambo ya majaribio, lakini bodi hiyo haiamui msimbo upi uingie. Msimbo huamuliwa na watunzaji, kila mmoja na eneo lake, na walio juu yao wenye ufunguo wa kuuingiza. Kanuni ya kawaida ni kwamba aliyenyamaza ameridhia: pendekezo likitolewa na muda wa kutosha ukapita bila pingamizi lenye sababu, limepita. Kukiwa na ubishi, watu hutoa maoni yao kwa namba kuanzia jumlisha mbili hadi kutoa mbili, ili ijulikane nani anapendelea tu na nani yuko tayari kulala njiani kulizuia jambo. Mzee wa shir angelielewa hilo bila kutafsiriwa. Angeelewa pia kasoro yake, kwamba asiyekuwepo huhesabiwa amekubali.

Jaribio gumu la utawala huo lilikuja 2012. Mwezi Juni kasoro kubwa ilitangazwa katika namna prosesa za Intel zinavyotekeleza agizo moja la kurudi kutoka kwenye keneli, na mgeni ndani ya Xen aliweza kuitumia kuinyakua mashine nzima. Desturi ya mradi ni kuwapa habari mapema baadhi ya watu kwa siri, waandae viraka, kisha kuitangaza kwa wote kwa tarehe moja. Mjadala mkali ukazuka: baadhi ni nani? Je, kampuni kubwa inaruhusiwa kuomba tarehe isogezwe kwa sababu haijamaliza kuziba kwake? Mwenye seva kumi ana wapangaji pia, nao wanaweza kuibiwa kama wa mwenye seva elfu kumi. Mwishowe sera iliandikwa upya, na yeyote anayekodisha seva kwa umma, hata mdogo, akaruhusiwa kuomba kuingia kwenye orodha ya wanaopewa habari mapema. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa Septemba 2014, Amazon ilipolazimika kuwasha upya chini ya asilimia 10 ya mashine zake kabla ya tangazo la Xen la tarehe 1 Oktoba, wadogo waliojiandikisha waliweza kufanya vivyo hivyo kimyakimya.

Napenda kisa hiki kwa sababu hakuna aliyewahurumia wadogo. Walikuja wakabishana. Wajir ina kisa chake cha namna hiyo: mapema miaka ya 1990 vita vya koo vilipowashinda wazee kuvizima, wanawake wa sokoni ndio walioanza kuzungumza wao kwa wao, Dekha Ibrahim Abdi akiwa mmoja wao, kisha wakawafuata wazee, kisha vijana, hadi ikapatikana kamati ya amani ambayo serikali iliitambua mwaka 1995. Kwa desturi shir haikuwa na nafasi yao. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007.

KVM haina katiba ya namna ya Xen. Inaishi ndani ya keneli ya Linux, chini ya watunzaji kama Paolo Bonzini wa Red Hat, na juu yao wote yuko Linus Torvalds. Uamuzi ni wa watunzaji wa keneli, na watunzaji wengi wanalipwa na Red Hat, Intel, AMD, Google na wenzao. Kwa upande mmoja hiyo ni salama: matajiri wengi wanaogombea kitu kimoja hawawezi kukiacha kife. Kwa upande mwingine, Oktoba 2024 majina ya watu wapatao kumi wenye uhusiano na Urusi yaliondolewa kwenye orodha ya watunzaji kwa sababu ya vikwazo, bila mjadala wa wazi, na Torvalds akaunga mkono. Unaweza kuona sababu na bado ukahisi ubaridi mgongoni. Garissa inajua orodha za namna hiyo. Aprili 2015, siku chache baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa lililoua watu 148, kampuni 13 za hawala ya fedha zilifungwa kwa agizo moja, na familia zisizo na kosa zikalala bila fedha za shule.

Proxmox ni nyumba ya mtu mmoja, kwa maana ya kampuni moja ya Vienna, iliyotoa toleo lake la kwanza 2008. Msimbo ni huria kabisa, jina ni lao, na mwelekeo wanaupanga wao. Usajili wa chini kabisa ni zaidi kidogo ya yuro 100 kwa soketi moja ya prosesa kwa mwaka, na kile kidirisha ndiyo njia yao ya kukumbusha. Ukiniuliza Garissa ichague ipi, nitasema Proxmox leo, kwa sababu fundi mmoja anaweza kuiendesha peke yake na chini yake ni KVM ambayo haitakufa. Lakini ukiniuliza ni utawala upi ungemlinda mdogo siku ya ugomvi, nitasema wa Xen. Kanuni iliyoandikwa ni ya thamani kwa yule asiye na ndugu barazani.

Na sisi hatuna ndugu barazani. Hilo lisemwe wazi. Waafrika Mashariki wamo katika programu za afya: KenyaEMR, programu ya rekodi za wagonjwa iliyojengwa juu ya OpenMRS tangu 2012, ina waandishi wa msimbo Wakenya, na Uganda na Tanzania zina watu wanaoheshimiwa katika OpenMRS na DHIS2. Hizo ni ghorofa za juu. Kwenye msingi, pale keneli na haipavaiza zilipo, sisi ni wapangaji. Afrika imewahi kushuka hadi huko mara moja kwa kishindo: EC2 ya Amazon, iliyofunguliwa Agosti 2006 juu ya Xen, ilijengwa kwa sehemu kubwa na kikosi cha Chris Pinkham mjini Cape Town. Kazi ilifanyika Cape Town, utajiri ukaenda Seattle.

Mwanzoni mwa 2025 tulionyeshwa kipande kingine cha jambo hilo. Marekani iliposimamisha misaada yake, miradi ya rekodi za afya iliyotegemea fedha hizo, KenyaEMR ikiwemo, ilitikisika. Msimbo haukwenda popote. Leseni haisimamishwi kwa agizo la rais. Mishahara ya wanaoujua ndiyo iliyosimama. Mfugaji mwenye haki ya kuhama lakini ngamia wake wamekufa hahami, na ofisi yenye msimbo huria isiyo na mtu wa kuusoma iko vivyo hivyo.

Kuusoma si kazi ya heshima tu. Mei 2015 Jason Geffner wa CrowdStrike alitangaza kasoro aliyoiita VENOM, ndani ya QEMU, katika msimbo unaoigiza kisoma diski laini, zile diski bapa za zamani ambazo kijana wa miaka 20 leo hazijui. Msimbo huo ulikuwemo tangu 2004. Ulibaki ukifanya kazi hata kwenye mashine ambazo hazikuwekewa kisoma diski, na mgeni mwovu angeweza kupitia humo akatoka nje ya kiemu chake. Miaka 11 macho ya dunia yalikuwa huru kuutazama. Uwazi ni mlango ulioachwa wazi. Mtu bado lazima aingie.

Kuna kitu ambacho fundi wa Garissa anakijua kuliko mhandisi wa Vienna. QEMU ina namna kadhaa za kuandika kwenye diski. Mojawapo humwambia mgeni kwamba data imeshahifadhiwa wakati bado iko kwenye kumbukumbu ya seva. Kazi inakwenda kasi, na umeme ukikatika ghafla, alichokuwa hajakiomba kifikishwe diskini kwa hakika kimepotea. Katika kituo cha data cha Ulaya hilo ni jambo la maelezo ya chini ya ukurasa. Pale chumbani lilikuwa jambo la kila wiki. Fundi yule alikuwa na daftari la shule lenye mistari, ameandika tarehe, saa ya stima kupotea, kiemu kilichoharibika na namna diski yake ilivyokuwa imewekwa, kurasa na kurasa. Kwa wanaoandika QEMU daftari hilo ni ushahidi ambao hawawezi kuununua. Nilimuuliza kama amewahi kuwapelekea. Alinitazama kana kwamba nimemwambia ampelekee rais.

Niongeze neno moja kwa wanaodhani msimbo ukiwa wazi haki imepatikana. Maelfu ya raia wa Garissa na kaunti jirani waliwahi kujiandikisha kambini Dadaab kama wakimbizi, wengine wakiwa watoto, wakati wa ukame ambapo chakula kilikuwa kambini na si kijijini. Alama zao za vidole zikabaki kwenye hifadhi ya wakimbizi. Walipofika miaka 18 wakanyimwa kitambulisho, kwa kuwa kompyuta iliwatambua kama wageni. Shirika la Haki na Sheria la Garissa lilipeleka suala hilo mahakamani. Kilichohitajika pale ni mtu mwenye mamlaka ya kusahihisha rekodi na utaratibu wa kumfikia. Programu huria kabisa ingewafungia nje vilevile.

Jioni ile, katika chumba kile cha seva, kulikuwa na kiraka cha keneli cha kuweka. Haipavaiza za kisasa zina ufundi ambao wauzaji huupenda sana: kiemu kinahamishwa kutoka seva moja kwenda nyingine kikiwa kinafanya kazi, mtumiaji asijue, ile ya kwanza ikazimwa na kuzibwa kwa raha. KVM inaweza, Xen inaweza, Proxmox inaweka kitufe. Fundi alinionyesha kitufe hicho. Akasubiri ofisi ifungwe na watu watoke msikitini baada ya isha, akapiga simu mbili tatu kuwaambia kwamba barua pepe itapotea kwa nusu saa, akavizima viemu kimoja kimoja, cha nakala rudufu mwisho. Orodha ya mahali pa kuhamia ilikuwa tupu. Ombi la seva ya pili, alisema, liko kwenye bajeti ya mwaka ujao, kama lilivyokuwa kwenye ya mwaka huu.